Missouri ilivyowakataza wawindaji kumgusa nguruwe mwitu

Mwaka 2016 idara ya uhifadhi ya jimbo la Missouri, Marekani, ilipitisha kanuni iliyowaacha wengi midomo wazi. Nguruwe mwitu walikuwa wanafukua mashamba na malisho, wanavuruga vijito na kula kila kinacholika msituni, na idara ilikuwa imeshasema wazi kwamba inataka waishe, si wapungue. Kisha ikawakataza wananchi kuwaua kwenye ardhi yote ambayo idara inaimiliki, inaikodi au inaisimamia. Mwindaji aliyeingia msituni kutafuta kulungu, akikutana na kundi la nguruwe hatua ishirini mbele yake, aliache lipite na baadaye atoe taarifa.

Ukiitazama juu juu, kanuni hiyo ni kichekesho. Mharibifu ameingia shambani, watu wenye bunduki zao wamejitolea kumpiga bila kudai hata senti, na serikali inawaambia wakae pembeni. Mimi naona idara ilikuwa sahihi. Lakini kanuni hiyo ina tundu moja ambalo haliwezi kuzibwa na kanuni: takriban asilimia 93 ya ardhi ya Missouri ni mali ya watu binafsi, na nguruwe hajui mpaka wa mtu.

Walifikaje huko

Nguruwe si mnyama wa asili wa Amerika Kaskazini. Waliletwa na Wahispania. Msafara wa Hernando de Soto, uliotua Florida mwaka 1539, ulikuja na nguruwe wa chakula, na waliotoroka njiani wakazoea pori. Katika milima ya Ozark, kusini mwa Missouri, wakulima kwa vizazi vingi waliwaachia nguruwe wao msituni wajishibishe kwa mbegu za mialoni, kisha wakawakusanya wakati wa kuchinja. Waliobaki porini walikuwa wachache na hawakumkosesha mtu usingizi.

Mambo yaliharibika miaka ya 1990, pale uwindaji wa nguruwe ulipogeuka mchezo. Watu walileta mbegu ya nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia, mnyama mkali na mwenye mbio, wakaichanganya na ya huko. Wengine waliwafuga kwenye mashamba ya uwindaji yenye uzio. Wengine waliwapakia kwenye matrela na kwenda kuwafungulia kwenye misitu ya umma, ili msimu ujao kuwe na kitu cha kuwinda.

Hilo la matrela ndilo linaloeleza kila kitu kilichofuata. Ramani za wataalamu zilikuwa zinaonyesha nguruwe wakitokea ghafla kwenye mabonde ambayo hayapakani na mahali popote palipokuwa na nguruwe. Kundi la nguruwe husambaa polepole, bonde kwa bonde. Haliruki mji na barabara kuu kadhaa likaibukia upande wa pili wa jimbo, isipokuwa limebebwa na gari. Kwa hiyo swali la Missouri halikuwa tu jinsi ya kuwaua nguruwe waliopo. Lilikuwa pia jinsi ya kuwaondolea watu sababu ya kuwaleta wengine.

Tennessee ilikuwa imeshajifunza kwa gharama. Mwaka 1999 jimbo hilo lilifungua uwindaji wa nguruwe jimbo zima, bila kikomo cha idadi, kwa matumaini kwamba bunduki nyingi zitawapunguza. Kabla ya hapo nguruwe walikuwa wamebanwa kwenye sehemu ndogo ya nyanda za juu za Cumberland na milima ya mashariki. Kufikia 2011 vikundi vyao vilikuwa vimeonekana karibu kaunti 80 kati ya 95 za jimbo, na mamlaka ya wanyamapori ikakiri kwamba vingi vilipandikizwa na watu waliotaka kuwinda karibu na kwao. Mwaka huohuo Tennessee ilifuta hadhi ya nguruwe kama mnyama wa kuwindwa kwa mchezo na kumwita mharibifu. Kansas haikusubiri yote hayo. Ilipiga marufuku uwindaji wa nguruwe mwaka 2006, wakati walikuwa bado wachache, na hadi leo haina tatizo la kulinganishwa na la majirani zake wa kusini.

Kwa nini risasi moja inaharibu kazi ya wiki mbili

Jike hushika mimba ya kwanza akiwa na miezi sita hadi minane tu. Huibeba kwa siku 115 hivi, huzaa watoto wanne hadi wanane, wakati mwingine zaidi, na chakula kikiwa tele anaweza kuzaa mara mbili ndani ya mwaka. Makadirio yaliyofanywa Texas yanasema kwamba ili idadi isipande, lazima theluthi mbili hivi ya nguruwe wote waondolewe kila mwaka. Hiyo ni kusimama palepale. Kupunguza kunataka zaidi ya hapo.

Wawindaji wa kawaida hawafiki theluthi mbili, hata wakiwa hodari. Wengi wana kazi zao, huja mwisho wa wiki, na hutafuta dume kubwa lenye meno marefu ya kupigia picha. Dume si tatizo. Madume hutembea peke yao, na ukimuua mmoja, mwingine atapanda majike yaleyale. Nguvu ya uzazi iko kwenye kundi: majike wazima wawili watatu wenye undugu, na watoto wao wa umri tofauti. Ukipata kundi zima, umefunga ukurasa. Ukiua wawili na kuacha kumi, umewafundisha wale kumi.

Njia ambayo maofisa wa Missouri waliitegemea zaidi ni mtego wa boma. Unachukua paneli za waya mzito, unaziunganisha kuwa duara pana, unaweka lango linaloning'inia juu. Mahindi yanamwagwa nje ya duara kwanza, halafu kwenye mlango, halafu ndani. Lango linabaki wazi usiku baada ya usiku. Kamera iliyofungwa mtini inatuma picha kwenye simu ya ofisa aliyeko nyumbani kwake. Usiku wa kwanza wanakuja watoto, kwa sababu watoto hawana woga. Majike wadogo wanafuata. Jike mkuu anasimama nje, pua juu, anakoroma, haingii. Ofisa anaona yote hayo kwenye kioo cha simu na habonyezi kitu. Angefunga lango sasa angepata wanane, lakini yule aliyebaki nje angeona ndugu zake wakipiga kelele nyuma ya waya, na kuanzia hapo hakuna mahindi duniani yatakayomwingiza kwenye duara. Anasubiri mpaka jike mkuu ainamishe kichwa na kuvuka mlango, ahesabu, ahakikishe idadi ni ileile aliyoiona kwenye picha za siku zote, ndipo abonyeze.

Sasa ingiza katikati ya subira hiyo kijana mmoja na mbwa wake. Hana nia mbaya. Ameona nyayo za nguruwe, amewafungulia mbwa, wameua mmoja. Wengine wametawanyika, wamevuka kilima, wameingia bonde jingine, na wanaanza kutembea usiku tu. Mahindi kwenye boma yanaliwa na kulungu na rakuni. Ofisa anaanza upya mahali pengine, kama ataambiwa ni wapi.

Hoja hiyo ndiyo idara iliyoitangaza zaidi, na ni ya kweli. Bado nadhani hoja ya matrela ina uzito zaidi. Mtego uliovurugwa hurudiwa. Lakini mtu akijua kwamba nguruwe kwenye msitu wa umma hawawindwi na yeyote, hana faida ya kuwapeleka huko. Kanuni ya 2016 ilimpiga mchezaji mfukoni, kwa kuufuta mchezo wenyewe.

Uzio katikati ya msitu

Idara ya uhifadhi haikuwa mmiliki mkubwa wa misitu ya Ozark. Mkubwa ni serikali ya shirikisho, kupitia Msitu wa Taifa wa Mark Twain, wenye ekari milioni 1.5 hivi zilizotapakaa kwenye kaunti 29. Kwa miaka kadhaa baada ya 2016 hali ilikuwa ya ajabu: nguruwe akiwa kwenye ardhi ya idara haguswi, akivuka njia ya magari na kuingia msitu wa shirikisho anawindwa. Wawindaji na mbwa wao walihamia upande ulioruhusiwa, na makundi yaliyotawanywa huko yakawa yanakimbilia kokote. Kufikia 2020 msitu wa shirikisho nao ulikuwa umepiga marufuku, ila kwa kuacha mwanya: mtu mwenye kibali halali cha kulungu au bata mzinga ambacho hajakitumia, akiwa msituni wakati wa msimu, anaweza kumpiga nguruwe anayekutana naye.

Mwanya huo uliwaudhi baadhi ya wahifadhi. Mimi haunisumbui. Mwindaji wa kulungu amekaa kimya kwenye kibanda chake cha mtini, hana mbwa, hafukuzi mtu, na hatamnunua nguruwe ili aje amwachie huko. Ni ruhusa inayopunguza hasira za wananchi bila kuufufua mchezo.

Ugumu wenyewe uko kwingine. Mtu akisikia "msitu wa taifa" hudhani ni pori moja lisilo na mtu. Mark Twain ni viraka. Katikati ya ardhi ya serikali kuna shamba la ng'ombe, baada yake ekari arobaini za mtu anayeishi mjini na kuja mara chache kwa mwaka, halafu serikali tena, halafu kampuni ya mbao. Nguruwe analala mchana kwenye kichaka cha umma na usiku anakwenda kufukua malisho ya mtu binafsi. Mtego bora unaweza kuwa upande wowote wa uzio.

Kwenye ardhi binafsi marufuku haimhusu mwenye mali. Anaweza kuwapiga nguruwe wanaomharibia. Serikali inaweza kumwomba tu: usipige, tupigie simu, tutakuja kuangalia, tutakuazima vifaa na kukufundisha, bure. Wakulima wengi walikubali, hasa wenye malisho. Usiku mmoja wa kundi la nguruwe unatosha kuacha uwanda wa nyasi umegeuzwa chini juu, madimbwi kila mahali, udongo umekauka kwa mabonge ambayo trekta la kukatia majani haliwezi kuyapita. Mtu aliyeamka na kukuta hivyo hatafuti mchezo.

Wagumu ni wa aina nyingine. Kuna aliyenunua ekari zake kwa ajili ya kuwinda tu na anawapenda nguruwe wake. Kuna anayekodisha ardhi kwa wawindaji na hataki bidhaa iishe. Na kuna asiyemtaka mtu yeyote wa serikali avuke geti lake, nguruwe au hakuna nguruwe. Huyu wa mwisho huwa hana hata uadui na mpango wenyewe. Lakini geti lake likifungwa, kundi moja linapata kimbilio, na kazi iliyofanywa pande zote nne za uzio wake inakuwa ya kurudia kila mwaka.

Ukitaka kuona mambo yangekuwaje kama faida ingeachwa itawale, tazama Texas. Karibu ardhi yote huko ni ya watu binafsi, na nguruwe wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni mbili. Sheria imelegezwa hatua kwa hatua: mwaka 2011 watu waliruhusiwa kulipia nafasi ya kupiga nguruwe kutoka kwenye helikopta, mwaka 2017 wakaruhusiwa hata kutoka kwenye puto la hewa ya moto (sijui nani anamnyatia nguruwe kwa puto, ila sheria ipo), na tangu 2019 hakuna leseni ya uwindaji inayohitajika kumuua nguruwe kwenye ardhi binafsi ukiwa na idhini ya mwenyewe. Pamoja na yote hayo, bado ni kutwanga maji kwenye kinu. Mfugaji mmoja anawachukia, jirani yake anatoza wageni ada ya kuwawinda, na hakuna anayezungumzia kuwamaliza. Silaumu. Texas ilichelewa mno kuwa na chaguo la Kansas. Missouri ilikuwa bado nalo.

Malalamiko yenye haki

Waliopinga marufuku hawakuwa wahuni wa matrela peke yao. Kwenye mikutano ya hadhara na katika bunge la jimbo zilisikika hoja ambazo maofisa, kwa maoni yangu, walizijibu kwa haraka mno.

Ya kwanza ni nyama. Ozark si eneo la matajiri. Familia iliyokuwa inajaza friji kwa nguruwe wa msituni ilisikia kwamba sasa mnyama huyohuyo atapigwa na mtumishi wa umma kutoka kwenye helikopta wakati wa baridi, majani yakiwa yameanguka, na mizoga mingi kuachwa ilikoangukia. Jibu la serikali lilikuwa magonjwa. Nguruwe mwitu hubeba brusela, ambayo humwingia binadamu wakati wa kuchuna, na ugonjwa wa Aujeszky ambao huua mbwa. Ni kweli. Lakini mtu anayejua kuvaa glavu na kupika nyama ikaiva hushangaa kuambiwa kwamba haruhusiwi kula alichokula babu yake, ilhali jirani mwenye ekari zake anaruhusiwa.

Hapo linatokea lalamiko la pili, lililo zito zaidi: marufuku inamwangukia asiye na ardhi. Mwenye shamba anaendelea kupiga. Aliyekuwa anategemea msitu wa umma ndiye pekee aliyefungiwa. Ardhi ya umma ndiyo ilikuwa usawa wake. Sioni jibu safi kwa hili. Naweza kusema tu kwamba uwindaji wa kulungu na bata mzinga kwenye misitu ile ile uko palepale, na nguruwe huwashindania mbegu za mialoni na hula mayai ya bata mzinga, hivyo akiondoka, anachobaki nacho mwindaji maskini kinaongezeka. Hilo ni faraja ya miaka ijayo kwa mtu aliyepoteza kitu leo.

Lalamiko la tatu, kwamba serikali inataka kuwaondoa watu misituni kabisa na nguruwe ni kisingizio, halina ushahidi. Lakini lilisambaa kwa sababu amri ilitangulia na maelezo yakafuata. Kwenye eneo ambalo watu wana kumbukumbu ndefu za ugomvi na serikali kuhusu ardhi, mpangilio huo ulikuwa ghali. Baadhi ya mageti yaliyofungwa yalifungwa kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya nguruwe.

Kusoma takwimu bila kujidanganya

Ushirika wa taasisi zinazoendesha kazi hii uliripoti kuondoa zaidi ya nguruwe 5,000 mwaka 2016, zaidi ya 10,000 mwaka 2019, na zaidi ya 12,000 mwaka 2020. Mwaka 2021 walishuka chini ya 10,000. Wafuasi wa mpango waliona ushindi kwenye kupanda na ushindi kwenye kushuka, na hapo ndipo ninapotaka msomaji awe mwangalifu. Idadi ikipanda inaweza kumaanisha kazi imeongezeka, au nguruwe wameongezeka. Ikishuka inaweza kumaanisha wamebaki wachache, au waliobaki wamekuwa wajanja. Hesabu ya mizoga haisemi ni ipi.

Kipimo cha maana ni mabonde ya mito. Ushirika uliligawa jimbo kwa mabonde, ukawa unashambulia moja hadi liwe tupu, unaliwekea kamera na kulifuatilia, ndipo uhamie jingine. Bonde linalokaa bila nyayo mpya wala chambo kuguswa ni ushahidi ambao mizoga haiwezi kuutoa. Na kwa kipimo hicho Missouri imepiga hatua: eneo lenye nguruwe limesinyaa na kubaki zaidi kusini mashariki, kwenye Ozark yenyewe.

Je, ni marufuku iliyofanya hivyo? Kwa sehemu tu. Katika miaka hiyohiyo fedha ziliongezeka. Wizara ya kilimo ya shirikisho ilianzisha mpango wa kitaifa wa nguruwe mwaka 2014, na sheria ya kilimo ya 2018 ikatenga dola milioni 75 kwa miradi ya majaribio nchini kote, Missouri ikiwemo. Watumishi wa kutega waliongezwa, mitego ikawa ya kisasa, helikopta zikaruka. Jimbo lenye marufuku lakini lisilo na watu wa kutega lingepata nguruwe waliolindwa tu, na hilo ni baya kuliko kuruhusu uwindaji. Jimbo lenye mitego lakini lisilo na marufuku lingeendelea kumwaga mahindi huku matrela yakirudi usiku. Anayetaka kuiga Missouri asichukue nusu.

Kilichobaki sasa ni makundi ya mwisho, na hayo ndiyo ghali. Nguruwe aliyenusurika mitego, mbwa na helikopta anajua mengi. Mengi ya makundi hayo yanajificha kwenye viraka vya ardhi binafsi ambavyo wenyewe hawajakubali kufunguliwa, na kanuni ya 2016 haina nguvu huko. Maofisa hutega kwenye ardhi ya majirani, karibu na uzio, kwa idhini ya mwenye upande huo, wakisubiri njaa iwavushe nguruwe. Kwa mwenye geti lililofungwa hawana amri ya kumpa. Wana simu, ofa ya vifaa vya bure, na mara nyingi jirani mwenye malisho yaliyofukuliwa ambaye yuko tayari kwenda kuongea naye.